Muulize Mzee wa Kamera: Makaburi ya kale, magofu na vumbi la Dodoma

Toleo lililopita nilichapisha picha moja ya kaburi la zamani chini ya mbuyu, njia ya Mpwapwa. Nilidhani ni ya kujazia nafasi tu. Barua zilizomiminika zimezipita zile za harusi na pasipoti za mwaka mzima: wengine wanataka kujifunza, wengine wananisihi nitubu kabla sijafa. Nimechagua sita. Waliotaka niwaelekeze kwa waganga wanisamehe, mimi ni fundi wa picha.

*Shikamoo Mzee. Ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma, napenda kupiga picha makaburi ya zamani na nyumba zilizoachwa. Mwezi uliopita nilienda makaburini pembeni ya mji saa moja jioni, tochi kichwani, begi jeusi mgongoni. Vijana wa bodaboda wakanizingira, wakaniita mwanga, yaani mchawi, wakataka kunivua begi. Mama mmoja muuza mihogo ndiye aliyeniokoa. Nimekosea wapi?* (Kijana wa Nkuhungu)

Marahaba mwanangu. Umekosea saa, umekosea mavazi, na hukupiga hodi. Huyo mama wa mihogo kampige picha nzuri, uisafishe kwa ukubwa wa maana, umpelekee kwenye fremu. Bila yeye leo ungekuwa unaandika kutoka wodini.

Naona katika barua yako (sehemu niliyoikata) unawaita wale vijana washamba. Usiwaite hivyo. Nchi hii makaburi yamewahi kufukuliwa. Familia za ndugu zetu wenye ualbino zimelazimika kumwaga zege juu ya wapendwa wao ili watu waovu wasirudi usiku kutafuta mifupa. Mzazi aliyemwagia zege kaburi la mwanawe akikuona umeinama pale gizani na tochi, hatakuuliza lenzi yako ni milimita ngapi.

Mimi mwenyewe nimefanya kosa hilohilo, tena mchana kweupe. Mwaka 1984 nilifika kijiji kimoja upande wa Chamwino na kamera ya Yashica ya kuazima. Nikaona marundo ya mawe karibu na tembe moja, jua limekaa vizuri, nikapiga picha nne kabla sijamsalimia mtu. Mzee mwenye boma hakunifokea. Alinikaribisha kivulini, akaagiza maji kwenye kibuyu, nikanywa. Kisha akauliza, "Hao uliowapiga picha, umewaambia wewe ni mtoto wa nani?" Nikasema sijawaambia. Akasema, basi tuanze upya. Tukaanza upya kweli, tangu "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, babu zangu hadi walipotoka, shamba la uwele, mvua iliyogoma, ng'ombe. Mchana wote ukaisha hapo. Jua lilipoanza kushuka ndipo aliponyanyuka mwenyewe akanipeleka kaburi kwa kaburi, akitaja jina la kila aliyelala. Mmoja alikuwa dada yake, surua ilimchukua akiwa hajafika miaka mitano. Nilirudi mjini na majina tisa kwenye daftari. Zile picha nne za mwanzo sijui hata ziko wapi.

Kwa hiyo nenda mchana kwa mwenyekiti wa mtaa, jieleze, mwonyeshe picha zako kwenye simu. Makaburi ya kanisa yana katekista au parokia yake, ya Waislamu yana watu wa msikiti wake, ya ukoo yana wenyewe, na wenyewe utawapata kwa kuuliza. Vaa rangi inayoonekana mbali. Chukua mwenyeji mmoja, hata mtoto mkubwa wa hapo jirani. Saa nzuri ni kumi na mbili na nusu asubuhi: mwanga uko chini, vumbi limetulia, na watu wanakuona wanapoenda shambani na kisimani, kwa hiyo huna cha kuficha. Usikalie kaburi, usiondoe hata ua la plastiki lililochakaa. Na ukikuta watu wanazika, kamera iingie begini, wewe ushike koleo.

Tena kuna sheria. Kuingia mahali pa maziko kwa nia ya kuumiza hisia za watu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Wewe nia hiyo huna, lakini mbele ya kundi lenye hasira nani ataipima?

*Mzee wa Kamera, nakusanya historia ya wilaya yetu. Mawe ya makaburi ya zamani maandishi yamefifia, hayasomeki, na kwenye picha ndiyo hayaonekani kabisa. Nimeambiwa nipake chaki au unga wa sembe ili herufi zitokeze. Inafaa?* (Mwalimu mstaafu, Mpwapwa)

Mwalimu, chaki iache ubaoni. Unga wa chaki unaingia kwenye vitundu vya jiwe na hautoki wote, na unga wa sembe ni karamu ya ukungu na wadudu. Brashi ya waya ndiyo mbaya kupita vyote, kwa sababu inakwangua lile jina lenyewe ulilokwenda kulitafuta. Maji matupu na brashi laini vinatosha, tena kama jiwe ni gumu na halimomonyoki. Likiwa linaacha chenga mkononi, usiliguse.

Kinachosoma herufi ni kivuli. Mwanga ukilipiga jiwe usoni, kila kitu kinakuwa bapa kama chapati. Mwanga ukipita pembeni, ukilamba uso wa jiwe, kila mchoro hata wa kina cha ukucha unatupa kivuli chake na jina linasimama. Asubuhi na jioni jua linakufanyia kazi hiyo bure, ila kaburi liwe limeelekea upande unaofaa. Lisipoelekea, fanya ninavyofanya mimi: nina kioo kirefu cha kabati la mke wangu lililovunjika. Mtu mmoja anashika mwavuli au kanga kulikinga jiwe na jua. Mwingine anasimama mbali kidogo, kando, anadaka jua kwa kioo na kulirusha lipite sambamba na uso wa jiwe. Sogeza kioo taratibu. Kuna mahali ukifika, utamsikia aliye kwenye kamera anashtuka, "Hapo hapo!" Piga picha tatu nne, kila moja mwanga ukitokea upande wake, maana herufi iliyojificha kwa mwanga wa kushoto inajitokeza kwa ule wa kulia. Inafanya kazi hata saa sita mchana.

Ukitaka kujizoeza, anza na mawe ya makaburi ya vita hapa Dodoma, yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia majeshi ya Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, yaliingia mji huu tarehe 29 Julai 1916 yakimsukuma Mjerumani kusini, na waliofia huku kwa risasi na zaidi kwa homa walizikwa. Tume ile ilianzishwa mwaka 1917 na jiwe lake la kawaida lina kimo cha sentimita 81, kwa jenerali na kwa kuruta. Kanuni nzuri.

Ila hapo ndipo ninapokwama kila nikisimama pale na kioo changu. Babu mzaa baba alichukuliwa kubeba mizigo ya vita ile, yeye na mdogo wake. Yeye alirudi. Mdogo wake aliachwa njiani, na mpaka babu anakufa hakuweza kusema ni njia ipi. Wapagazi walikufa kwa makumi elfu, kwa kuhara, njaa na uchovu, na wengi hawakupata jiwe wala jina. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba Waafrika na Waasia wengi hawakuenziwa sawa na wenzao. Juu ya hapo ikaja njaa ya Mtunya, kuanzia 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya pande zote mbili kukomba nafaka na ng'ombe wa Ugogo. Babu alisema walizika mpaka nguvu za kuchimba zikaisha. Mwalimu, ukiwa na daftari lako huko Mpwapwa, waulize wazee na mahali pasipo na mawe. Piga picha hiyo sehemu tupu, uandike nyuma nani alisema nini.

Na fanya haraka. Miji inatanuka, barabara na reli zinapita, na Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inairuhusu serikali kuyahamisha ardhi ikitakiwa kwa matumizi ya umma. Kabla ya kuhamishwa, piga kwanza ukiwa mbali, mbuyu na kilima vikionekana, ili mtu ajue palikuwa wapi. Halafu safu kwa safu. Halafu jiwe moja moja.

*Kaka mkubwa, nimepiga picha usiku nje ya nyumba ya zamani ambayo majirani wanasema ina watu wake. Kwenye picha kumejaa viduara vyeupe vinaelea, kimoja kama kina uso. Mume wangu amesema tuhame. Nitume?* (Mama Wawili, Kikuyu)

Dada, umeshatuma, nimeshaviona. Ni vumbi.

Usikasirike. Flashi ya simu imekaa karibu kabisa na lenzi, kwa hiyo chembe yoyote inayopita sentimita chache mbele yake inamulikwa vikali, na kwa kuwa iko karibu mno lenzi haiwezi kuilenga vizuri, inavimba kuwa duara. Dodoma kuanzia Mei mpaka mvua za Desemba sisi tunakula vumbi, tunalala na vumbi. Ule uso ni macho yetu tu, yamezoea kutafuta uso kila mahali, hata kwenye tundu za soketi ya umeme. Jaribu hivi: leo usiku zima taa sebuleni, mume wako akung'ute kanga kavu iliyokaa nje, wewe piga kwa flashi. Mtapata viduara vya kutosha kuhamia Singida. Kisha rudi kwenye ile nyumba, weka simu juu ya tofali, zima flashi, chagua hali ya usiku. Havitakuwepo.

Anayetaka kazi ya maana usiku asubiri mbalamwezi kamili, aweke kamera kwenye stendi, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 400, tundu la lenzi f/4, shata ibaki wazi sekunde 20 hadi 30. Anga inatoka ya bluu, kuta zinatoka kama za mchana uliochoka. Mtu akikatiza mbele ya lenzi muda huo, atatoka kivuli kinachopitisha mwanga, ukuta unaonekana ndani yake. Mizimu mingi unayoonyeshwa kwenye simu ilizaliwa hivyo, na si mambo mapya. Marekani miaka ya 1860 alikuwepo William Mumler, akiwauzia watu picha zao wakiwa na marehemu wao. Mwaka 1869 walimfikisha mahakamani New York, akaachiwa kwa ushahidi kutotosha, na baadaye hata mjane wa Rais Lincoln alipigwa picha naye, "mumewe" amesimama nyuma.

Mimi yangu ilikuwa bahati mbaya. Mwaka 1987 nilipachika kwenye kamera mkanda uliokwisha tumika msibani, nikaenda nao harusini. Picha 36. Bibi harusi anakata keki, nyuma yake kina mama wameshika tama. Bwana harusi anacheka, kifuani mwake linapita jeneza. Mama wa bibi harusi alizirai studioni kwangu. Nililipa fedha yote na mbuzi mmoja, na tangu siku hiyo mkanda uliotumika naung'ata kona.

*Mzee, mkoa wetu una sehemu gani za kutisha za kwenda kupiga picha? Tuko vijana watano, tuna gari.* (Kundi la Area C)

Kongwa nendeni kwa ajili ya upweke wake. Waingereza walikuja huko mwaka 1947 na matrekta kulima karanga za kuipatia Uingereza mafuta ya kula, udongo ukakauka kama saruji, mvua ikawakatalia, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umezikwa. Miaka ya sitini wakapiga kambi huko wapigania uhuru wa nchi za kusini mwa Afrika, wa FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA na ZAPU, na wako waliokufa wakazikwa hapo, mbali na kwao. Pitieni wilayani kwanza muombe ruhusa. Msipige picha eneo lolote la jeshi, wala ya utani.

Kondoa, michoro ya miambani Kolo, urithi wa dunia tangu 2006. Mnaripoti ofisi ya wasimamizi wa michoro pale Kolo, mnalipa, mnapewa mwongozaji. Mungomi wa Kolo, mmoja wa miamba hiyo yenye michoro, wenyeji bado wanapanda kwenda kuomba mvua na uponyaji, kwa hiyo mkikuta sadaka imewekwa chini ya mwamba, hiyo si takataka wala pambo la picha yenu. Flashi hapana. Kumwagia michoro maji ili rangi ikolee, kama walivyofanya wageni wa zamani, hapana kabisa. Na mzibebe zana zenu kwa uwazi, maana kuna watu wanaochimbachimba huko wakiamini Mjerumani aliacha mali, na wenyeji wamechoka nao. Stendi tatu za kamera ndani ya turubai kwa mbali ni sururu tatu.

"Za kutisha" lakini sizijui. Barabara ya kurudi usiku yenye malori yasiyo na taa inatosha.

*Tunaandaa video ya mizimu ya ajali ya treni. Tunataka kulala makaburi ya Maili Mbili usiku wa tarehe 24 Juni. Tushauri kuhusu taa.* (Hakuandika jina)

Sikushauri kitu. Ajali ya Igandu ya tarehe 24 Juni 2002 iliua watu 281. Wiki ile nilikuwa na studio. Watu walikuja kutoka mikoani na picha ndogo za kitambulisho, nyingine zimekunjwa mara nne, wakitaka nizikuze ili wazunguke nazo kuuliza. Nilifanya kazi usiku mpaka dawa ya kusafishia ikaisha. Waliokosa kutambuliwa ndio waliolala huko mnakotaka kwenda na taa, na yupo mama ambaye mpaka leo hajui kama mwanawe ni mmoja wao. Juni 24 mkitaka kwenda, nendeni mchana na mafyekeo.

*Mzee, miaka yote hiyo makaburini na kwenye magofu, wewe binafsi umewahi kuona kitu? Sema kweli.* (Msomaji wa Manyoni)

Nimeona, tena karibu na kwenu. Boma la Kijerumani la Kilimatinde, mwaka 1991, magharibi inaingia, niko peke yangu kinyume cha yote niliyomwambia yule kijana wa Nkuhungu. Nimeinama kwenye kamera nabadili lenzi. Kitu cheupe chenye uso wa mviringo kikatoka kwenye ukuta, kikapita juu ya kichwa changu, na hakikutoa sauti yoyote. Hata ya upepo. Sikumaliza kubadili. Nilikimbia mpaka nilipoona moto wa watu wanaopika, mkononi nina kamera isiyo na lenzi.

Asubuhi nilirudi na fundi mmoja wa baiskeli, mtu asiye na masihara. Alitazama juu ya ukuta, akanionyesha kiota, na chini yake mifupa ya panya imerundikana. Babewatoto, bundi mweupe. Ndege yule manyoya yake hayapigi kelele akiruka, ndivyo anavyowapata panya. Lenzi niliikuta kwenye majani, ina mkwaruzo mmoja pembeni, naitumia mpaka leo. Kifuniko chake ndicho hakikuonekana. Ni cha milimita 52, cheusi, nilikikwaruza herufi M kwa ndani. Ukipita huko, angalia upande wa kaskazini wa ukuta.